Lindo Namba Mbili

Mume wangu anapanga zamu za walinzi. Hiyo ndiyo kazi yake na ndiyo akili yake, na mimi nimeolewa na vyote viwili. Kampuni yao ina walinzi mia moja na arobaini, na kila mmoja lazima ajue kesho atasimama geti gani, kuanzia saa ngapi, na nani atakuja kumpokea. Karatasi yenye majibu hayo hutoka mikononi mwa mume wangu kila Alhamisi saa kumi jioni. Imepigwa mistari kwa rula na kuandikwa kwa penseli, maana walinzi huugua, huoa na hufiwa bila kumuuliza yeye kwanza. Kazini wanamwita Zamu. Wapo walioajiriwa miaka kumi iliyopita na hawajui kama ana jina jingine.

Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya stoo ya sare. Kuna dirisha linalotazama ukuta, meza, redio ya mawasiliano inayokoroma kutwa nzima, na kopo la penseli ambalo hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Karatasi yake ina safu nne: lindo, saa, jina, na anayempokea. Hiyo safu ya nne ndiyo roho ya kazi. Mlinzi haondoki lindoni mpaka apokewe, hata kama mvua inanyesha, hata kama mkewe anajifungua. Safu ya nne ikiwa tupu maana yake ni moja tu: lindo limefungwa, hapo hakuna mtu, kila mmoja yuko kwake anakunywa chai. Nayaeleza haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyotufikisha tulikofika.

Nyumbani nako hatukusalimika. Bafu lina ratiba. Vyombo vina ratiba. Binti yetu mkubwa, mwenye miaka kumi na sita, alishawahi kupewa onyo la maandishi kwa kukaa bafuni dakika ishirini na tatu, akalibandika mlangoni kwake kama cheti. Mdogo wake ana miaka minane na tunamwita Swali, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kumaliza sentensi kwa nukta.

Halafu yuko mama yangu.

Mama amekaa nasi miaka minne, na kwa miaka hiyo minne, na mingine kumi na minne kabla yake, hajawahi kumsemesha mume wangu. Msinielewe vibaya, si kwamba anamchukia. Alimfumia sweta. Akiumwa anamchemshia maji ya tangawizi. Lakini neno halitoki kwake kwenda kwa mkwe wake bila kupitia kwangu. Wako mezani, chumvi iko mbele ya mume wangu, mama yuko mbele ya chumvi, na mimi niko jikoni. Mama anapaza sauti: "Mwambie mumeo anisogezee chumvi." Naye mume wangu, kwa heshima zake, anasubiri. Chumvi haisogei mpaka mimi nije niseme, "Mama anaomba chumvi." Ndipo anasema, "Mwambie mama, hii hapa."

Chanzo chake ni siku aliyokuja kujitambulisha ukweni. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa mlinzi, kwenye ghala la mbolea. Alitakiwa kufika kwetu saa nne asubuhi. Aliyekuwa ampokee zamu hakutokea. Basi mume wangu akasimama getini, akiangalia saa, mpaka alipopatikana mtu mwingine, na akaingia kwetu saa kumi jioni akiwa na sare, rungu, na harufu ya mbolea. Wajomba walishaondoka. Chakula kilishapoa, kikapashwa, kikapoa tena. Mama alikuwa amekaa na wageni siku nzima akiwaambia, "Anakuja, yuko njiani." Akaapa mbele ya watu kwamba hatamsemesha yule kijana mpaka aombe radhi. Mume wangu akaomba radhi kupitia kwa mjomba, kama adabu inavyotaka. Mama akapokea radhi kupitia kwa mjomba huyo huyo. Mjomba akazeeka, kazi ikaja kwangu. Baada ya hapo nadhani kila mmoja alisahau mlango wa kutokea uko wapi.

Sasa mwaka huu kaka yangu akasema mama aende akaishi kwake, mbali, safari ya siku mbili. Mama akakubali. Nami nikaanza kukosa usingizi. Nilijua akishaondoka vile, bila kumwambia mume wangu hata "kwaheri" ya mdomo wake mwenyewe, basi ndiyo imetoka hiyo. Na nilikuwa nimechoka. Miaka kumi na minane mimi ni simu ya watu wawili wanaosikiana vizuri tu.

Ndipo bosi wa mume wangu akamlazimisha kuchukua likizo. Alikuwa na siku nyingi alizolimbikiza hadi mwanamke wa ofisi ya wafanyakazi alimfuata na faili mkononi, akamwambia asipoondoka mwenyewe atatolewa na walinzi wake. Nikaona hapo ndipo pa kushika. Nikasema twende milimani, sote watano, juma zima, nyumba ndogo, baridi kali. Kimoyomoyo nilikuwa nasema: hawa watu wakibanwa pamoja na baridi, watasemeshana tu.

Kosa langu lilikuwa kumwachia yeye mipango.

Alianza miezi mitatu kabla. Alimhoji jirani wa ghorofa ya kwanza aliyewahi kupanda mlima enzi za ujana wake, akamhoji kwa saa mbili, mpaka yule mzee akaanza kudhani amefanya kosa. Kisha akaamuru mazoezi. Tunaishi ghorofa ya tano, na kila Jumamosi asubuhi tulishuka na kupanda ngazi mara sita tukiwa na mabegi mgongoni yaliyojazwa blanketi na masufuria. Jumamosi ya pili, mama wa ghorofa ya tatu alitoka akanikumbatia, akalia, akasema hakujua kama tunahama. Jumamosi ya tatu mwenye nyumba alikuja na watu wawili kuwaonyesha vyumba vyetu. Tulipofika juu tukihema, tukamkuta mwanamke mgeni anapima dirisha la sebule kwa ajili ya mapazia yake. Mama aliketi kwenye kochi, hakushiriki mazoezi yale hata siku moja, akaniambia, "Mwambie mumeo nyumba imeshapata mpangaji."

Usiku wa kuamkia safari mume wangu alitugawia ratiba, nakala moja kwa kila kichwa. Kurasa saba. Niliisoma nikacheka mpaka nikaona aibu, kwa sababu yeye hakuwa anacheka. Kulikuwa na "kutembea," "kupumzika," "kutazama ndege," "kutumbukiza miguu majini (si zaidi ya kifundo)," na karibu kila ukurasa kulikuwa na "kushangaa mandhari, dakika saba."

Nyumba tuliyofikia ilikuwa na vyumba viwili, jiko la kuni, na blanketi nzito kiasi kwamba ukishajifunika kugeuka ni kazi. Mwenye nyumba, mwanaume mpole aliyevaa kofia ya sufu ndani na nje, alitupa fimbo tano na kutuchorea njia kwenye nyuma ya kalenda. Mume wangu aliipokea ile ramani kwa mikono miwili.

Siku ya kwanza tulipanda kilima cha karibu. Tulipofika juu ukungu ukatanda, huoni hata vidole vyako. Mume wangu akatazama saa, akatangaza: "Kushangaa mandhari. Dakika saba."

"Baba, tushangae nini?" Swali akauliza.

"Shangaeni ukungu."

Tukasimama tukashangaa ukungu. Ilipofika dakika ya nne mama akasema, "Mwambie mumeo mimi nimemaliza, nishangae nini tena?" Nikamwambia. Mume wangu akasema, "Mwambie mama bado dakika tatu." Walikuwa wamesimama bega kwa bega, wameshikilia kona mbili za mtandio mmoja kujikinga na upepo. Nikawatazama nikasema moyoni, hata hapa? Hata kwenye ukungu, ambapo mtu hajui anaongea na nani? Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya maporomoko ya maji. Njia ilipanda kutoka nyumbani, ikavuka daraja la mbao, ikafika kwenye njia panda yenye benchi la mawe chini ya mwamba, halafu ikaendelea juu hadi majini. Kutoka majini kulikuwa na njia nyingine ya mkato inayoteremka moja kwa moja hadi nyumbani. Mwenye nyumba alisema mpaka kwenye benchi ni mwendo wa dakika arobaini. Kwa ratiba yetu ilikuwa saa mbili.

Mume wangu alikuwa ameamua kwamba mahali penye njia panda hapawezi kuachwa bila mtu. Mtu akipotea itakuwaje? Basi daraja akaliita lindo namba moja, la kupita tu, na benchi akaliita lindo namba mbili, na kwa kuwa mama magoti yake yasingefika majini, lindo namba mbili likawa lake. Saa nne kamili asubuhi tulimkalisha pale na blanketi, chupa ya chai, maandazi, mwavuli, na filimbi.

"Mwambie mumeo mimi si mlinzi," mama akasema.

"Mwambie mama hili ni lindo la heshima," mume wangu akasema. "Akae hapa mpaka apokewe. Saa saba mjukuu wake mkubwa atarudi kumpokea na kushuka naye."

Mama akaitazama ile filimbi kwa dharau, kisha akaivaa shingoni.

Huko majini mambo yalikwenda vizuri kwa muda wa nusu saa. Halafu binti mkubwa akavua kiatu, tukaona lengelenge kubwa kisiginoni. Asingeweza kurudi kwa bibi yake. Mume wangu akatoa mfukoni ratiba ya siku ile, yenye safu nne kama karatasi ya ofisini, akalamba penseli, akafuta jina la binti mkubwa kwenye safu ya nne kwa kifutio chake kidogo. Nilimwona kwa macho yangu. Akasema, "Wewe shuka naye polepole kwa njia ya mkato. Mimi na Swali tutabaki kutazama ndege mpaka saa saba, halafu..." Na hapo Swali akauliza kwa nini maji hayachoki kuanguka. Mume wangu si mtu wa kuacha swali la mtoto. Alieleza. Alichora hata mchoro mchangani. Nikaondoka na binti mkubwa akiniegemea, nikijua ile sentensi yake ingemalizika na "nitampitia mama." Ingemalizika na nini kingine?

Tulifika nyumbani, nikamkanda binti yangu mguu kwa maji ya chumvi, tukalala kidogo. Saa tisa na dakika tano mume wangu akaingia na Swali, wamelowa, wameona ndege kumi na mmoja, na mmoja wao huenda alikuwa jani.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Si uko naye?"

"Niko naye wapi?"

Akatoa karatasi. Akaikunjua polepole mezani, akaisoma, akaweka kidole. "Lindo namba mbili limefungwa," akasema. "Angalia. Safu ya nne iko tupu."

Huyu ni mtu aliyefuta jina kwa mkono wake mwenyewe. Lakini saa saba ilipofika kule juu hakuuliza kumbukumbu yake, aliuliza karatasi, na karatasi ikamwambia kama inavyomwambia kila siku ofisini: hapo hakuna mtu, ameshaenda nyumbani. Miaka kumi na mitano karatasi haijamdanganya. Akashuka kwa njia ya mkato na moyo mweupe.

"Safu iko tupu kwa sababu uliifuta!" nikapiga kelele. "Umemwacha mama yangu mlimani!"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukishuka vile. Akakaa. Akasimama. Akasema, kama anajisemea, "Sijawahi kumwacha mtu bila kupokewa." Halafu akatoka mbio na kandambili miguuni. Hakuchukua ratiba. Ilibaki mezani, na Swali akaikalia.

Nikawaacha mabinti na mwenye nyumba, nikachukua fimbo, nikamfuata. Nilipanda huku nalia na kutukana kwa zamu. Mara namwona mama ameanguka korongoni, mara namwona amepotea msituni. Halafu nikawaza jambo lililonitisha kuliko hayo yote, kwamba mama yuko mzima, amekaa, ana hasira, na kwamba kuanzia leo miaka kumi na minane itaonekana ilikuwa mzaha. Hatamsemesha tena hata kupitia kwangu. Atafunga mizigo kesho, na mimi ndiye niliyewaleta hapa. Goti langu lilikuwa linalia kama mlango mbovu.

Nilipokaribia njia panda nikasikia filimbi. Nikashukuru Mungu. Kisha nikasikia sauti, nikasimama nyuma ya kichaka, maana nilitaka kujua msiba una ukubwa gani kabla sijauingia.

Mama alikuwa amekaa wima kwenye benchi, blanketi mabegani, mwavuli umefunguliwa ingawa mvua ilishakata. Mume wangu alikuwa mbele yake, anahema, kandambili moja mkononi, imekatika.

Mama akatazama kushoto. Akatazama kulia. Mimi sipo, watoto hawapo. Akauinua mwavuli usoni, akauambia: "Mwavuli, mwambie mume wa mwanangu mimi siondoki hapa. Sijapokewa."

Na mume wangu, Mungu anisamehe kwa kucheka wakati ule, akauinamia mwavuli akasema: "Mwavuli, mwambie mama nimekuja kumpokea."

"Mwavuli, mwambie kwamba saa saba imepita."

"Mwavuli, mwambie mama ni kweli."

Mwavuli nao ulikuwa umechoka, ubavu mmoja ulishajikunja. Nilikuwa karibu kutoka kichakani kwenda kushika kazi yangu, mguu mmoja ulishatangulia, ndipo mume wangu akafanya kitu. Akavaa kandambili iliyokatika. Akajiweka sawa, akafunga kifungo cha juu cha shati, visigino pamoja, mkono kwenye paji la uso. Akapiga saluti, saluti ya kweli, ile ya getini wakati msimamizi anapopita.

"Mlinzi wa lindo namba mbili," akasema kwa sauti ya kazini, "toa taarifa."

Hapa lazima mjue kitu kuhusu taarifa. Mlinzi akipokewa, humweleza anayempokea yote aliyoyaona, ana kwa ana, kwa mdomo wake. Haitumwi kwa mtu. Mama alilijua hilo, tumekaa na mwanaume huyu mezani miaka minne, nani asiyejua? Na tena mama alikuwa amekaa kwenye njia panda zaidi ya saa tano, peke yake, akiona watu na mambo, bila mtu wa kumsimulia. Niliona midomo yake inacheza. Taarifa ilikuwa imemjaa hadi kooni.

Akafunga mwavuli.

"Saa nne na robo," akasema, "wamepita vijana wanne. Wa mwisho hana soksi. Nimemwambia."

"Endelea, mama."

"Saa tano kasoro kidogo, ng'ombe watatu, hawana mwenyewe. Walitaka kupanda juu. Nimepiga filimbi, wameshuka. Saa sita, mtu na mkewe wanagombana juu ya ramani. Nimewaamua. Mke ndiye mwenye makosa, lakini nimemwambia mume aombe radhi yeye, ili tupate amani hapa. Saa sita na nusu, mzee mmoja aliuliza njia. Nimemwelekeza. Baadaye nimekumbuka nimemwelekeza siko. Saa saba mvua. Saa nane..." akasita. "Saa nane nimesinzia. Liandike hilo. Sitaki uongo kwenye taarifa yangu."

"Limeandikwa, mama."

"Saa tisa. Hakuna aliyekuja kunipokea."

Mume wangu akateremsha mkono. "Kosa ni langu, mama. Nilifuta jina, sikuandika jingine."

"Ningeweza kushuka mwenyewe," mama akasema. "Njia naiona ile pale. Watu wameshuka mbele ya macho yangu siku nzima. Wameniambia, bibi, twende. Nikawaambia siwezi, kuna mtu anakuja, yuko njiani."

Aliitazama ile njia muda mrefu. Sijui alikuwa anaona nini, lakini mimi nilikuwa naona geti la ghala la mbolea, na kijana mwenye rungu anayetazama saa. Mume wangu alitoa leso akajifuta uso, na si jasho peke yake alilokuwa anafuta.

"Sasa umesimama nini hapo?" mama akafoka. "Nishike mkono! Miguu imekufa ganzi. Na hiyo kandambili ndiyo kiatu cha kupandia mlima? Una akili wewe? Miezi mitatu unapanga, unapanga, unapanga, halafu unakuja mlimani na kandambili! Na umekonda. Kwani ofisini hakuna chakula? Nimekufumia sweta, sijakuona nalo tangu tufike, liko wapi? Halafu lile bafu lako, dakika kumi! Mtu wa umri wangu, dakika kumi! Nimekaa nalo hilo moyoni miaka minne."

"Ndiyo, mama. Ndiyo, mama."

"Usiniambie ndiyo mama, jibu!"

Wakaanza kushuka wameshikana mikono, mmoja anachechemea kwa ganzi, mwingine kwa kandambili. Mama alimsema kuhusu vyombo. Alimsema kuhusu kukoroma. Alimsema kuhusu jinsi anavyonyoa ndevu, na zawadi aliyompa mwaka fulani ambayo haikuwa saizi yake. Alikuwa na akiba ya miaka kumi na minane na njia yenyewe ilikuwa ya dakika arobaini tu, kwa hiyo aliharakisha. Mume wangu alikuwa anatembea polepole kwa makusudi. Nilimwona kwa ubavu anatabasamu kama mtu anayesomewa barua.

Walipofika usawa wa kichaka changu nikajitokeza. Mama hakushtuka hata kidogo.

"Tena sikiliza," alikuwa anasema, "mimi nikienda kule kwa mwanangu, hizi karatasi zako..."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kama ulivyozoea. "Baba watoto," nikaanza, "mama anasema..."

Mama akasimama, akanigeukia.

"Wewe nani amekutuma? Nyamaza. Naongea na mkwe wangu."

Wakanipita. Nikakaa kwenye jiwe lililolowa, nikalia kwa sauti, na kule chini nikamsikia mama akimuuliza mume wangu kama kwa kaka yangu kuna baridi, na kama atakuja kumtembelea.